Ami, kasuku wangu hataki kuacha sirinji na uzito unashuka

Assalaam aleikum Ami, na shikamoo yako.

Mie ni mama wa watoto wawili, nakaa Muscat upande wa Seeb, kwetu asili Unguja. Naomba unisaidie kwa sababu humu ndani kila mtu ana lake la kusema kuhusu huyu ndege na mie nshachanganyikiwa, sijui nimsikilize nani.

Tunae kinda la kasuku, huyu wa kijivu mwenye mkia mwekundu, watoto wamempa jina Misk. Tulimchukua kwa mtu anaezalisha huku huku Oman, ana pete yake mguuni na karatasi zote. Wakati tunamchukua alikua bado analishwa kwa sirinji mara tatu kwa siku, na yule muuzaji akatwambia hivyo ndo vizuri zaidi kwa sababu ukimlisha wewe mwenyewe atakuzoea wewe, akatupa kopo la unga na sirinji, akatuonesha mara moja basi tukaondoka. Maelekezo yake yalikua akifika wiki 12 muanze kumkata, kateni mlo wa usiku kwanza kwa sababu usiku ndege analala hana kazi na chakula, halafu mkate wa mchana, mubaki na wa asubuhi kidogo kidogo mpaka aache. Akasema msimuonee huruma, njaa itamfundisha.

Sasa hivi yuko wiki 14, analishwa asubuhi tu, na hali si nzuri Ami. Kuanzia alasiri anaanza kulia, si kulia kwa ndege wa kawaida, ni sauti kama ya kukoroma inayopanda na kushuka, anajikunyata kwenye kona ya tundu, anatikisa kichwa juu chini juu chini, na ukimpa kidole anakisukuma na mdomo kama anataka kitoke kitu. Inaendelea mpaka tunazima taa. Cha ajabu asubuhi nikimpa uji wake siku nyengine anakunywa nusu tu halafu anageuza kichwa, anatikisa mdomo unarukia kila mahali, anataka kushuka achezee funguo zangu.

Chakula kipo. Nimemuwekea bakuli la mbegu mchanganyiko zenye alizeti nyingi, nimelitundika juu karibu na kijiti chake, anachukua alizeti anaizungusha na ulimi, anavunja ganda vizuri tu, halafu kile kiini anakidondosha chini anachukua nyengine. Chini ya tundu kumejaa viini vizima. Anacheza tu, hali.

Namuweka kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi kabla ya kumlisha na naandika kwenye kalenda. Uzito wake wa juu ulifika gramu 430, leo asubuhi ni gramu 378. Mbawa zake yule bwana alizikata kabla hajatupa kwa hiyo haruki, anatembea tu kwenye zulia, na jioni baada ya kufukiza udi tunakaa nae sebuleni watoto wanafurahi nae.

Mavyaa wangu anasema nimsikilize muuzaji, kwamba mtoto ukitaka aache ziwa unajipaka shubiri, analia usiku mmoja au mbili yanaisha, na huyu ni hivyo hivyo. Mume wangu anasema ni deko tu, nikimpa nitamuharibu. Mie moyo unaniuma lakini naogopa kumrudisha nyuma. Na mambo mengine ni kwamba inshallah mwezi ujao tunasafiri Unguja kwa wazee, ndugu yangu wa kiume atabaki na nyumba, nilitaka Misk awe ameshaacha sirinji kabla hatujaondoka. Au niende nae? Nisaidie Ami.

Mama Nasra, Muscat

JAWABU

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Kwanza nikupe hongera kwa hiyo kalenda ya jikoni, kwa sababu wanaoniandikia wengi wananambia ndege "amepungua kidogo" au "naona yuko sawa" na mie siwezi kufanya chochote na maneno hayo, wewe umenipa namba na namba zimeniambia karibu kila kitu.

Na zinavyosema ni hivi, leo usiku mpe Misk uji wake. Usingoje kesho, usingoje ushauri wa mwengine, magharibi ikishapita mtengenezee mlishe mpaka atosheke alale.

Sasa nikueleze kwa nini. Kutoka gramu 430 mpaka 378 ni gramu 52, hiyo ni kama asilimia 12 ya uzito wake. Kinda la kasuku kupungua kipindi hichi ni jambo la kawaida kabisa, linapofikia kuruka mwili wenyewe unajipunguza, hamu ya kula inashuka, anataka kuwa mwepesi, na akipungua mpaka asilimia 10 kutoka kwenye ule uzito wake wa juu huwa hatushtuki maadamu ni mchangamfu. Kwa Misk mstari huo ni gramu 387 na yeye ameshaupita. Halafu kuna jengine, kupungua huko kwa kawaida kunatokana na kuruka, na wewe umenambia Misk haruki kwa sababu amekatwa mbawa. Kinda anaetembea kwenye zulia tu hana sababu ya kupoteza gramu 52. Hiyo ni njaa mwanangu, si kitu chengine.

Na ile sauti ya alasiri ndo inasema hivyo hivyo. Kukoroma kule, kujikunyata, kutikisa kichwa juu chini na kusukuma kidole, ndivyo kinda linavyomuomba mzazi wake kutapika chakula mdomoni mwake, amezaliwa nayo, hajajifunza kwako wala hajaifanya ili akupate. Mwambie baba Nasra kwa upole kwamba deko haipunguzi gramu kwenye mizani.

Kosa la muuzaji ni kwamba kakukatisha mlo usio wenyewe. Amekwambia ukate usiku kwanza kwa sababu ndege analala, wakati usiku ndo muda mrefu kuliko wote anaokaa bila kula, kuanzia magharibi mpaka alfajiri ni karibu saa kumi na moja au kumi na mbili na gole lake tupu, na gole ni ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, ukimgusa kwa kidole taratibu pale utausikia kama una kitu au hauna. Sisi tunafanya kinyume chake, mlo wa mchana ndo unaanza kuondoka, kwa sababu mchana anazungukwa na vyakula vya kudonoa, halafu asubuhi, na ule wa usiku unakua wa mwisho kabisa. Tena Misk mwenyewe alikua anajaribu kukwambia, asubuhi anakunywa nusu anageuza kichwa anataka funguo. Kinda anaekataa uji namna hiyo anasema mlo huu sina haja nao sana. Alikataa wa asubuhi ukaendelea nao, akalilia wa jioni ukawa umeondolewa, na wewe umefuata ulichoelekezwa na aliekuuzia, ungejuaje.

Kuhusu shubiri, nampa mavyaa wako heshima yake, na kwa mtoto wa watu ina mantiki yake kwa sababu mtoto anaepakiwa shubiri kwa kawaida ashaanza kula uji na ndizi na ugali wa kuponda, anajua kijiko ni nini na chakula kiko wapi, kinachobaki ni ziwa tu. Misk hajafika hapo. Yeye mpaka sasa hajui kwamba kile kilichomo kwenye bakuli ni chakula. Anavunja ganda la alizeti kwa sababu mdomo wake unataka kazi, akikuta kiini anakidondosha kwa sababu hakuna aliemuonesha kwamba kinamezwa na kinashibisha. Ukimshindisha njaa hatakaa afikirie "ngoja nijaribu mbegu", kinda mwenye njaa anakua na wasiwasi na akiwa na wasiwasi hachezi na kitu kipya na hajaribu kitu kipya, anachojua ni kulia na kumngoja mzazi. Mie nshaona mara nyingi ndege waliokatwa kwa nguvu wanakua wakubwa bado wanalia kila wakimuona mtu na bado wanatikisa kichwa, na kinda aliyeshibishwa ndo anaeacha mapema zaidi. Porini kasuku hawa wakishatoka kwenye pango la mti na kuanza kuruka wazazi wanaendelea kuwalisha wiki kadhaa huku wanafuatana nao kwenye miti ya matunda wanawaona wanavyokula, hakuna mzazi anaesema wiki 12 basi. Cockatiel, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, anaacha mapema, wiki ya 7 mpaka ya 10 hivi, kasuku wa kijivu wengi ni kati ya wiki ya 12 na 16 na wapo wanaopita 18 bila ugonjwa wowote, na macaw, wale kasuku wakubwa wa Amerika wenye mkia mrefu, wanachelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo wiki 14 hajachelewa popote.

Sasa kazi yenyewe. Kwa siku hizi chache za mwanzo mrudishie usiku na umpe na mchana kidogo pia, asubuhi muoneshe tu, akitaka apewe akigeuza kichwa usimlazimishe hata tone moja, maana kumsukumia sirinji kinda anaekataa ndo njia ya uji kuingia kwenye pumzi, na hapo unampoteza. Kwa uzito wake gole linachukua kama mililita 35 hivi kwa mlo, asilimia 10 ya uzito si ya kuipita, na kwa kinda wa umri huu 30 mara nyingi zinamtosha. Akirudi kwenye 395 na kuendelea na akakaa hapo asubuhi kadhaa, ondoa mchana. Ukiona asubuhi anaukataa siku nyingi mfululizo na uzito haushuki, ondoa asubuhi. Usiku usiuguse. Usiku ataukata yeye, itafika jioni utamletea uji ataulamba mara mbili ataondoka zake, kesho yake hivyo hivyo, ukigusa gole kabla hajalala limejaa kwa vyakula alivyokula mwenyewe, basi hapo umemaliza. Na siku mizani ikishuka ghafla unarudi hatua moja bila kuona unamrudisha nyuma, hajui nyuma wala mbele, anajua kushiba tu.

Bakuli lile la juu lishushe. Kinda anaanza kula kwa miguu yake, anatembea juu ya chakula, anakidonoa, anakirusha, kwa hiyo chukua sahani bapa au hata sinia dogo uliweke chini ya tundu na jengine kwenye zulia mnapokaa. Mbegu kavu ziwe kidogo sana, kwa sababu alizeti ina mafuta mengi na kalsiamu ndogo, na kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengi ni mwepesi wa kupungukiwa na kalsiamu mpaka kufikia kudondoka na kutetemeka, vijana wake mifupa inapinda. Anza na vitu laini vya uvuguvugu maana yeye chakula anachokijua ni cha uvuguvugu. Mahindi mabichi ya kuchemsha uyakate kwenye gunzi lake vipande vya duara, hayo sijaona kinda anaeyakataa, anashika kwa mguu anatoboa punje moja moja maziwa yanamrukia usoni. Viazi vitamu, boga, karoti ya kuchemsha, dengu na chooko zilizopikwa bila chumvi, chooko zilizochipua ni nzuri zaidi, majani ya mronge na mchicha mbichi ulowe maji uutundike, komamanga uipasue umpe na ganda lake. Pilipili nyekundu nzima mpe, ndege hausikii ule ukali hata kidogo na wengi wanapenda zile mbegu za ndani, watoto wako watashangaa. Peleti za kasuku, yani vile vidonge vya chakula vya kiwandani, kama unapata ziloweke maji ya moto zilainike zipoe kidogo, ndo msingi wa chakula chake baadae.

Parachichi, yani embe mafuta, asiguse kabisa hata kidogo, ni sumu kwa ndege. Chokoleti vile vile, na kahawa, nyie nyumba za Oman kahawa iko mezani muda wote na kasuku anapenda kuzamisha mdomo kwenye kikombe cha mtu, muangalieni. Tende kipande kidogo cha ncha ya kidole si mbaya lakini isiwe kila siku. Na kwa joto la Muscat vyakula laini usiviache zaidi ya saa mbili, toa, osha sahani, weka vyengine baadae kidogo kidogo, chakula kilichochacha kinamuharibu gole na ukishaanza ugonjwa wa gole kazi yote hii inasimama.

Kinachofundisha zaidi ya vyote ni kula mbele yake. Wakati wa chakula cha mchana muweke pembeni ya mkeka wenu, nyie mnakula na yeye ana sahani yake yenye mahindi na boga, wewe chukua punje moja kwenye sahani yake, ile kwa kuionesha onesha, ile na sauti ya kufurahia, usimpe. Atakuja mwenyewe kukunyang'anya. Kasuku ni ndege wa kundi, kinacholiwa na kundi ndo chakula, na kundi lake ni nyie.

Halafu sirinji yenyewe anza kuiacha, hamia kijiko. Chukua kijiko cha chai cha bati kilicho laini ukikunje kingo zake mbili kwa ndani kidogo kiwe na mdomo wa kumiminia, umlishe uji kwa hicho. Kwenye kijiko anavuta mwenyewe kwa kasi yake, hatari ya kumpalia inapungua, na baada ya siku unaongeza punje za mahindi zilizopondwa au peleti iliyolainika ndani ya uji ule ule, anameza vipande bila kujua ameanza kula. Uji upime kwa kipimajoto cha chakula, usipime kwa kifundo cha mkono maana umeniambia siku nyengine anautikisa, inawezekana ulikua umeshapoa, uji wa baridi wanaukataa. Uwe kati ya digrii 39 na 41. Ukifika 43 na kupita unaunguza gole, na ndege mwenye njaa ataunywa tu huo huo bila kulalamika, siku kadhaa baadae ndo unaona kifua kinalowa na ngozi imetoboka. Kama unapasha maji kwa maikrowevu koroga vizuri sana kabla ya kupima, ina kawaida ya kuacha sehemu moja ya moto kuliko nyengine. Kila mlo uji mpya, uliobaki mwaga. Maziwa ya ng'ombe na ya kopo ya watoto usichanganye, ndege hawana uwezo wa kusaga ile sukari ya maziwa.

Kitu chengine umekipita kwa haraka kwenye barua yako na mie kimenisimamisha. Umesema jioni baada ya kufukiza udi mnakaa nae sebuleni. Nnajua nyumba ya Kiomani na ya Kizanzibari bila udi na ubani haijakamilika, na sikwambii uache, ila mapafu ya ndege hayako kama yetu, hewa inapita mpaka kwenye vifuko vilivyosambaa mwilini mwake, moshi wowote unamuathiri kwa haraka na kwa nguvu zaidi. Fukiza Misk akiwa chumba chengine mlango umefungwa, fungua madirisha, moshi ukishaisha kabisa ndo umlete. Na vile vikaango visivyogandisha chakula (non-stick), vikiachwa juu ya moto vikaungua vinatoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache, tundu lisikae karibu na jiko hata siku moja. Kinda aliyepungukiwa uzito hahitaji na mzigo huu juu yake.

Jua la asubuhi mpe, lile la mapema kabla joto halijapanda, nje kwenye kivuli cha nusu akiwa ndani ya tundu lake na mtu amekaa nae. Si nyuma ya kioo cha dirisha, kioo kinazuia ile miale inayomtengenezea vitamini D na bila hiyo kalsiamu yote unayompa haimfai sana.

Mbawa ndo zimeshakatwa hatuna la kufanya, zitaota akibadilisha manyoya, lakini nakuomba zikiota usimkate tena mpaka ajue kuruka vizuri na kutua. Kinda aliyeruka anajiamini, na anaejiamini anaonja. Kwa sasa muweke juu ya mkono wako umshushe taratibu kidogo apige mbawa, afanye mazoezi juu ya zulia, watoto wakae mbali na miguu yao.

Sasa lini uache kunisikiliza mie uende kwa daktari wa mifugo anaejua ndege, si wa paka tu. Ukigusa gole asubuhi bado limejaa uji wa jana. Mdomo ukinuka uchachu. Akitapika akijipaka kichwani. Akikaa chini ya tundu amejivimbisha manyoya mchana kweupe. Kinyesi kikiwa kidogo sana cha kijani cha giza, hicho ni cha ndege asiyekula. Na kama kesho na keshokutwa umempa milo yote na bado uzito unashuka, usisubiri siku ya tatu, hapo si suala la kuacha sirinji tena, kuna ugonjwa.

Safari ya Unguja. Kwenda nae hapana, futa kabisa hilo wazo. Kasuku wa kijivu tangu mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, amewekwa kwenye orodha ya kwanza, ile kali kuliko zote, na imeanza kutumika Januari 2017, yote kwa sababu walikamatwa porini Afrika ya kati na magharibi mpaka maeneo mengine wameisha kabisa. Kumvusha mpaka hata kwa likizo unahitaji vibali vya nchi unayotoka na unayoingia, pete na karatasi za muuzaji pekee hazitoshi, na anaweza kuzuiliwa uwanjani. Abaki. Lakini asibaki na ndugu yako ambae hajawahi kushika kijiko. Kuanzia wiki hii ndugu yako aje jioni, wewe ulishe yeye atazame, halafu yeye alishe wewe utazame, ajifunze kugusa gole na kusoma mizani, kwa kijiko si kwa sirinji. Mkiondoka na Misk bado anahitaji mlo wa usiku, ndugu yako atampa, na kama ameshaacha basi bado kuna uwezekano mkubwa nyinyi mkishaondoka ataanza kulia tena kuomba uji, kinda akihamishwa au akiondokewa anarudi utotoni kwa muda, hiyo si ugonjwa wala si kushindwa, apewe kijiko cha uji wa uvuguvugu jioni chache atatulia. Kinachonitia wasiwasi ni kule kutaka aache "kabla ya safari", tarehe ya tiketi haimuhusu yeye, ukianza kuhesabu siku utaanza kumbania milo na utarudi pale pale kwenye 378.

Na nina neno kwa wanaouza, wapo wanaosoma hapa. Hii hadithi kwamba kinda lazima auzwe akiwa bado analishwa ili amzoee mnunuzi si kweli, kasuku aliyeacha vizuri akiwa na miezi minne mitano anamzoea mtu mpya bila tabu, anaishi miaka 40 na zaidi, ana muda wa kutosha wa kumpenda mtu. Anaefaidika na kuuza mapema ni muuzaji anaepunguza kazi ya kuamka kulisha. Jimbo la California huko Marekani lina sheria inayozuia kuuza ndege ambae bado hajaacha kulishwa, na mie natamani ingekua hivyo kila mahali, kwa sababu barua kama ya Mama Nasra naipata kila msimu wa makinda na si wote wanaoniandikia mapema kama yeye, wengine wanaandika gole limeshatoboka.

Haya mwanangu, sahani chini, udi chumba chengine, uji wa usiku urudi leo. Kesho mpime muda ule ule kabla hajaonja kitu, na uendelee hivyo wiki nzima, halafu nitumie namba zote pamoja na picha ya kinyesi cha asubuhi, nikishaviona ntakwambia kama mlo wa mchana unaweza kuondoka au tungoje. Wasalimie mavyaa na watoto.